Mifuko Iwe Mitupu: Miaka Yangu kwenye Benchi la Mabuti

Wanjiku, ambaye sasa ndiye mwenye benchi la mabuti, ameniomba niandike machache kwa ajili yake na kwa wale watakaokuja baada yake. Nilimwuliza niandike nini. Akasema, "Mama Latifa, andika tu vile ilikuwa." Basi nitaandika vile ilivyokuwa. Habari za vyeo sitaziandika kwa kuwa nilipata kimoja tu, na habari za mshahara sitaziandika kwa kuwa huenda wasomaji wengine wana mioyo dhaifu.

Kwa asiyetujua: kampuni yetu ilikuwa ikiwapeleka watu Aktiki, kule juu kabisa kaskazini, kwa meli ndogo, wakaone dubu weupe, sili, ndege na bahari iliyoganda. Kabla ya safari kila abiria alikuja kwenye stoo yetu Hounslow, pembeni mwa London, kupimwa koti nene na mabuti ya mpira. Tulimkopesha vyote viwili, tukavitia katika begi lenye jina lake, na mabegi yakatangulia kwenda kumngoja melini. Akirudi, koti na mabuti vilirudi kwetu, tukafua, tukaosha, akapewa mwingine. Stoo ilikuwa chini ya njia ya ndege, na paa lake la bati lilituchoma kila Julai, ambao ndio mwezi wa kazi nyingi. Nimewavalisha watu makoti ya barafuni huku jasho likinitiririka hadi kwenye soksi. Ukitaka kumjua mtu mwenye adabu, mfungie zipu hadi kidevuni siku ya joto kisha umsikilize.

Mimi, Salha, nilizaliwa Unguja. Nilitolewa mdogo, baada ya mapinduzi, nikakulia Mombasa, na ndoa ndiyo iliyonileta London. Mume wangu alipotangulia mbele ya haki niliachwa na Latifa, mwenye miaka minne, na barua ya kuitwa kwenye usaili wa kazi ya kufagia. Nilifika stoo asubuhi na mapema na kukuta mzee wa Kiingereza ameketi benchini, mguu mmoja ndani ya buti, analalamika kwamba limembana. Hapakuwa na mtu mwingine. Baba yangu alikuwa fundi wa makubadhi, na mtoto wa fundi makubadhi hawezi kuona mguu unateseka akanyamaza. Nikapiga goti, nikalivua buti, nikaushika mguu, nikamwambia, "Huu unataka tisa, na ule mwingine unataka tisa na nusu. Na kucha zako uzikate." Nyuma yangu sauti ikasema, "Wewe ndiye wa kufagia?" Nikasema ndiyo. "Basi tutatafuta mwingine wa kufagia."

Huyo alikuwa Bi Pritchard, mkuu wa stoo. Mwembamba, mrefu, nywele fupi nyeupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya buti. Kila nijualo katika kazi hii nimelipata kwake. Alinifundisha siku ile ile kwamba mtu atakudanganya umri wake, uzito wake na hali ya ndoa yake, lakini hakuna anachokidanganyia kama namba ya kiatu. "Usiulize," aliniambia, "pima." Alinipa kipimo cha bati cha mguu kilichokuwa kimechakaa hata namba zake zilisomeka vizuri zaidi kwa kidole kuliko kwa jicho. Alinifundisha kwamba kati ya kidole gumba na ncha ya buti paachwe nafasi ya kidole kimoja, hewa ikae humo ipate joto. Alinifundisha kuvuta mbegu na manyasi kwenye mishono ya makoti kwa mashine ya vumbi na kibano, tusije tukaotesha magugu ya Surrey barafuni. Na mwisho alinipa sheria ambayo aliirudia kila Alhamisi, siku ya kufunga mabegi: "Mifuko iwe mitupu."

Hakusema kwa nini, wala sikumwuliza. Nilidhani ni mambo ya kufua. Makoti yalikuwa yakirudi na vituko mifukoni: mawe, manyoya ya ndege, meno ya bandia ya juu bila ya chini, na mara moja barua ya mapenzi iliyoandikwa na mtu wa kitanda cha chini kwenda kwa mtu wa kitanda cha juu. Kitu chenye sukari kikiingia katika mashine ya kufulia kingeleta balaa, basi nikaona sheria ina maana.

Lakini kawaida ni kama sheria, na mimi nilikuwa na kawaida yangu. Kwetu mtu hasafiri mikono mitupu. Hata akienda mji wa pili, atafungiwa kitu cha kutafuna njiani, na asiyefungiwa kitu hujulikana kuwa hana mtu. Sasa nilikuwa nikiwaona pale benchini watu wanaokwenda peke yao mwisho wa dunia: wajane, mabachela, mama mmoja aliyeachwa na mumewe wiki moja baada ya tikiti kukatwa. Wamekuja peke yao, wanaondoka peke yao, hakuna wa kuwaambia hata kwaheri. Moyo wangu ulikataa. Nikawa nakaanga visheti nyumbani, vikavu, vyenye iliki na sukari iliyoganda vizuri, vya kukaa mwezi mzima visiharibike. Nikavifunga vichache vichache katika karatasi ya fedha, na Alhamisi, nikishamaliza kazi, nikavitia mfuko wa ndani wa koti la kila anayesafiri peke yake. Nilimwonjesha Bi Pritchard vya kwanza kabisa, akakataa. Daktari amemkataza vitamu, alisema, na hata kuvitazama asingependa.

Nilifanya hivyo miaka tisa. Na nisiwafiche, miaka tisa ile nilikuwa na kinyongo. Watu walikuwa wakirudi, wengine wakatuletea kadi za kutushukuru kwa koti zuri na mabuti mazuri, na hata mmoja hakuwahi kutaja visheti. Nilikuwa nikimwambia Latifa, "Waingereza nimewavulia kofia. Unamlisha mtu hadi ncha ya dunia, na hata asante hakuna." Latifa alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba labda hawajui ni vya kula.

Ndipo akaja Mzee Ramnik.

Alikuja kutoka Neasden, mtaa mwingine wa London, peke yake, amevaa suti na tai, miaka sabini na nane. Nilikuwa kwenye simu namgombeza Latifa kwa Kiswahili. Nilipoiweka, yule mzee akasema taratibu, "Msamehe, bibi. Mtoto wa huku haogopi kofi wala hajui ukali ulikotoka." Kiswahili cha Pemba kilichonyooka. Nikageuka kumtazama.

"Mie mtoto wa Wete," akasema. "Jina langu Ramniklal, lakini huko sijaitwa hivyo hata siku moja. Nikiitwa Ramnik Barafu."

Baba yake alikuwa muuza duka, na katika duka lile kulikuwa na biashara ya barafu. Mabonge yaliletwa kutoka Unguja kwa chombo, yamefunikwa maranda ya mbao na magunia, na yakifika yamekwisha nusu. Kazi ya Ramnik utotoni ilikuwa kukimbia na barafu hadi majumbani kwenye harusi na kwa wagonjwa kabla haijawa maji. "Maisha yangu yote ya utoto nilikuwa nakimbizana na barafu," aliniambia, mguu wake mwembamba uko kwenye kipimo changu. "Mke wangu alikuwa akinicheka. Akisema, tutakwenda siku moja ukaione ile isiyo na haraka. Kafa mwaka jana. Watoto wanasema nina moyo mbovu, nisiende. Mie nimewaambia nakwenda kwa sababu ya huo moyo mbovu. Nataka nisimame juu yake, Bi Salha. Siku moja tu. Nisimame nisikimbie."

Nilimpima mara mbili, maana mara ya kwanza sikuziona namba vizuri. Namba saba. Alikuwa amesema nane.

Wiki ile Bi Pritchard hakuwepo, alikuwa amepasuliwa nyonga. Nilifunga mabegi mwenyewe, na kwa Mzee Ramnik nilijitahidi kupita kiasi. Yeye hali nyama wala samaki wala mayai, na nani ajuaye atalishwa nini melini? Vya wengine vilikuwa sita sita, vyake nilifunga viwili, vifurushi namaanisha, na juu ya karatasi nikabandika kikaratasi: *Safari njema, mtoto wa Wete.*

Siku kumi na moja baadaye tulikuwa tunakunywa chai stoo pale bosi wetu, Bwana Giles, aliposhuka ngazi na karatasi ya faksi kutoka melini, anacheka peke yake. Bwana Giles hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ghorofani tu. Akatusomea. Abiria walikuwa wameshuka ufukweni kwa boti za mpira. Mzee mmoja alikaa juu ya jiwe, akatoa mfukoni vipande vidogo vya unga vilivyokaangwa na kupakwa sukari, akaanza kula. Akatokea mbweha, akamnyang'anya karatasi nzima na kukimbia nayo. Kiongozi wa msafara, Mnorwe mmoja mwenye bunduki begani, alipokuwa akimfukuza mbweha ili aipate ile karatasi, akainua darubini na kumwona dubu mweupe anashuka kilimani, pua juu, anafuata harufu. Abiria wote wakarudishwa botini mbio mbio, na ufuko ule ukafungwa.

Watu wakacheka. Mimi chai ilinipalia.

"Kula chochote nchi kavu ni marufuku," Bwana Giles akasema akipangusa machozi. "Dubu akizoea harufu ya chakula cha watu huwafuata watu, na mwisho wake huuawa. Kila mtu anajua hilo."

Kila mtu isipokuwa mimi. Nilikuwa nimefanya kazi ya Aktiki miaka tisa, nimeivalisha nusu ya kaunti ya Surrey makoti ya Aktiki, na hata siku moja hakuna aliyeniambia kwamba mifuko iwe mitupu kwa sababu ya dubu.

Akaendelea kusoma. Mzee alipoulizwa vitu vile kavipata wapi, alisema kavinunua mwenyewe dukani Neasden. Kwa kuwa alikuwa ametia saini kwamba hatabeba chakula akavunja ahadi, kiongozi amemzuia kushuka tena. Alhamisi meli itasimama kwenye barafu ya bahari na watu watashuka kuitembea. Yeye atabaki melini.

Hii ilikuwa Jumatatu.

Nilirudi nyumbani nikiwaza jambo moja tu. Mzee alikuwa amenifichia siri. Angesema neno moja tu, kwamba aliyemfungia ni mtu wa kampuni, angesamehewa. Lakini angefanya hivyo mimi ningefukuzwa, na alijua nina mtoto, maana alinisikia nikimgombeza. Barafu aliyoingoja miaka sabini akaiuza kwa ajili yangu kwa uongo wa duka la Neasden. Jumanne nilikwenda kazini nikanyamaza. Nilijiambia kazi ile ndiyo mlango wetu mimi na Latifa, mlango ukifungwa tutakwenda wapi. Nilipima miguu siku nzima na kila mguu niliouona ulikuwa wake, mwembamba, namba saba. Jioni nikamweleza Latifa yote. Akaondoa macho kwenye kitabu chake. "Mum," akasema, "just tell her." Tena kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima akamalizia kwa Kiswahili, "Mwambie Bi Pritchard. Mzee atabaki peke yake."

Jumatano nikaenda Isleworth kumwona Bi Pritchard nyumbani kwake. Na hapa ndipo akili zangu mziangalie: nilikuwa nakwenda kwa mgonjwa, na kwa mgonjwa hakuendwi mikono mitupu. Nikabeba bati la visheti. Yaani nimekwenda kukiri kosa nimebeba kosa lenyewe mkononi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkongojo pembeni. Nikaliweka bati mezani, nikakaa, nikatafuta pa kuanzia. Kabla sijafungua mdomo yeye alifungua bati. Akachukua kisheti kwa vidole viwili, akakigongesha kidogo ukingoni sukari ya ziada idondoke, akakitia mdomoni. Akatafuna akitazama nje. Halafu akasema:

"Iliki umezidisha kuliko kawaida."

Nikasema, "Kuliko kawaida ipi?"

 Nimewahi kumwona Bi Pritchard akimfukuza wakili stoo, nimewahi kumwona akitia mguu wa jaji kwenye buti kwa nguvu, lakini sijawahi kumwona akiwa mwekundu kama siku ile.

"Salha," akasema, "mabegi huyafunga wewe Alhamisi. Unadhani Ijumaa asubuhi huyakagua nani?"

Miaka tisa! Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijafika, alikuwa akiingiza mkono koti baada ya koti, anavitoa, na anavila na chai yake. Na daktari wake, na kuvitazama asivyopenda! Mimi nawalaumu Waingereza wote kwa kukosa shukrani, kumbe hakuna hata Mwingereza mmoja aliyewahi kuvionja isipokuwa huyu. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa kwanza kabisa kufikiwa na visheti vyangu kule barafuni alikuwa Mzee Ramnik, kwa kuwa nyonga ya Bi Pritchard ilikuwa hospitali.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza, sijui nicheke au nilie.

"Ningekuambia," akasema, "ungeacha kuvipika."

Hapo nikalia, nikamweleza habari ya faksi, mzee, na Alhamisi. Alisikiliza hadi mwisho na uso wake ukarudi ule wa kazini. Akaniambia nimpe simu. Alizungushwa na watu watatu kabla ya kumpata yule kiongozi melini, na sauti ilikuwa inakatika, basi alisema kwa kifupi na kwa nguvu, mkongojo ukigonga sakafu. Kile chakula kimetoka stoo. Mzee amesema uongo kumlinda mtumishi wetu. Mtumishi alipewa sheria bila sababu yake, na aliyempa sheria nusu ni mimi Pritchard. Halafu akasikiliza. Halafu akasema, "Kijana, mimi nilikupima buti lako la kwanza. Ulisema namba kumi na moja. Unataka niwaambie wenzako ilikuwa ngapi?"

Alhamisi Mzee Ramnik alishuka.

Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ambayo Bwana Giles aliniletea mwenyewe akiwa ameshika kisheti mkono wa pili, na mwezi mzima nikapangiwa kuosha mabuti yaliyorudi. Niliyaosha kwa furaha. Sheria mpya tukaitunga mimi na Bi Pritchard: bati la visheti likae juu ya benchi, na kila asafiriye peke yake ale palepale, mbele yetu, akiwa amevaa mabuti, apanguse mikono ndipo aondoke. Na kila tunayemfundisha sheria ya mifuko tunamwambia na habari ya dubu. Vijana, hili ndilo nililotaka mlishike kuliko yote: mtu mpeni sheria na sababu yake pamoja. Sheria isiyo na sababu, mtu hujitungia sababu yake mwenyewe, na ya kwangu nusura imnyime mzee barafu yake.

Mzee Ramnik hakusubiri tupeleke mtu kuchukua koti. Alilileta mwenyewe Hounslow kwa teksi moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na Bi Pritchard alikuwepo, siku yake ya kwanza kurudi kazini. Alikuwa amebeba chupa ya chai imevikwa soksi tatu za sufu, zote za kwetu. Akazivua moja moja bila pupa. Viongozi wa msafara walikuwa wamemvulia kipande cha barafu baharini kwa wavu, akakifunga kwa karatasi kavu kama alivyofundishwa na baba yake, akakitia chupani na chupa katikati ya sanduku. Akaikung'utia chupa kiganjani mwangu. Kikadondoka kipande kilichobaki, saizi ya kungumanga.

"Kimetoka bonge," akasema, "lakini kimefika. Marehemu baba angenisifu."

Kilikuwa baridi. Mnacheka, lakini nilikuwa nimewaambia watu miaka tisa kwamba kule kuna baridi, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuijua. Nikamwuliza, "Ulisimama?"

"Nilisimama, Bi Salha. Wenzangu wanakwenda huku na huku wanapiga picha. Mie nilisimama pahala pamoja nusu saa. Yule Mnorwe akaja kuniuliza kama naumwa." Akakitazama kipande kikigeuka maji mkononi mwangu, wala hakukimbia nacho popote.

Bi Pritchard ameshafariki, na Mzee Ramnik pia, Mungu awape kila mmoja pahala pema. Nilifanya kazi miaka mingine mingi, na ile mingine ilikuwa mabuti tu.

Sasa lililobaki. Wenzangu mmenipa zawadi ya kuniaga, nafasi melini, niende nikaione mwenyewe. Naondoka wiki ijayo. Juzi nimekuja stoo kupimwa kama abiria mwingine yeyote, na Wanjiku akanikalisha benchini. Akauliza namba. Nikasema sita.  Akachukua kile kipimo cha bati, akapapasa kwa kidole, akasema, "Saba, Mama Latifa."

Nikamwambia kipimo kimezeeka.

Akaenda kuniletea soksi. Aliporudi akalichukua koti langu, akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kifurushi cha karatasi ya fedha. "Ai! Na hii ni nini tena?" Nikamwambia nasafiri peke yangu, na msafiri ni msafiri. Akanitazama. Akakifungua pole pole, akatia kisheti kimoja mdomoni, kisha cha pili, akavila vyote sita mbele ya macho yangu, akakunja karatasi, akaitupa.

"Si wewe ndiye ulinifunza?" akasema mdomo umejaa, akipapasa mfuko tena kuhakikisha. "Mifuko iwe mitupu."

Nikasema alhamdulillahi. Benchi limepata mwenyewe.